WALLIS SIMPSON: Bangili za mapenzi zilizoishia mnadani

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, nina stori ya bangili. Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo kafe na dakika zinakimbia, lakini vumilieni, hii mtaipenda.

Naanzia nyumbani. Nilipokuwa Kidato cha Nne, mama alivua bangili yake ya dhahabu, akaifunga kwenye kona ya kanga, tukaongozana mpaka kwa sonara. Ilikuwa ya bibi, mama yake mzazi. Kwa ndani ilikuwa na herufi mbili za jina la bibi na mwaka alioolewa, vimechongwa kwa mkono. Sonara akaisugua kwenye jiwe lake, akadondoshea dawa, akaiweka kwenye mizani, akabonyeza kikokotoo. Bei ya gramu moja mara idadi ya gramu, basi, kwisha habari. Mama akamwonyesha yale maandishi, labda yangeongeza kitu. Jamaa akamjibu kwa upole kwamba hayo yatayeyuka pamoja na dhahabu.

Pesa ile ndiyo iliyolipa ada niliyokuwa nadaiwa, nikaingia kwenye mtihani. Mimi binafsi sikuifikiria tena bangili ile kwa miaka, mpaka niliposoma maisha ya mama mmoja wa Kimarekani ambaye bangili zake, tena zilizokwisha valiwa, ziligombaniwa na matajiri wa dunia nzima. Na kilichopandisha bei hakikuwa uzito. Kilikuwa maandishi kama yale ya bibi.

Mama huyo ni Wallis Simpson. Wengi mnamjua kwa jambo moja tu, yule aliyesababisha mfalme wa Uingereza akaacha ufalme. Ngoja nimweleze vizuri.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1896 Blue Ridge Summit, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Jina lake kamili Bessie Wallis Warfield. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka huohuo, mtoto akiwa na miezi michache tu. Mama akabaki mjane asiye na kitu, wakaenda kuishi Baltimore kwa kutegemea ndugu wa marehemu. Baba mkubwa wake, Solomon Warfield, alikuwa tajiri, na ndiye aliyekuwa akitoa fedha. Wallis akasoma shule ya gharama ya mabinti wa kitajiri, lakini ada inatoka mfuko wa mtu mwingine. Nyie mliosomeshwa na ndugu mnaijua hali hiyo. Unakaa darasani na watoto wa wenye nazo, lakini kila muhula unaomba Mungu mfadhili asije akabadili mawazo.

Mwaka 1916 akaolewa na Earl Winfield Spencer, rubani wa jeshi la majini la Marekani. Bwana huyo alikuwa mlevi, ndoa haikuwa na amani, na mwaka 1927 ikavunjika. Julai 1928 akaolewa mara ya pili, London, na Ernest Simpson, mfanyabiashara wa mambo ya meli. Hapo ndipo alipolipata jina la Simpson.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka huohuo wa 1928, mrithi wa kiti cha Uingereza, Mwanamfalme Edward, alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki akiwinda. Novemba akiwa Tanganyika ikamfikia simu ya maandishi kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, ni mgonjwa sana. Safari ikakatishwa, akapanda meli ya kivita pale Dar es Salaam, haraka haraka kurudi kwao. Mfalme akapona. Wakati huo Edward na Wallis hata hawajuani.

Walikutana Januari 1931 kwenye nyumba ya marafiki, huko mashambani Uingereza. Kufikia 1934 jamaa alikuwa amezama mzima mzima. Ndipo zilipoanza zawadi. Na Edward hakuwa mtu wa kununua kitu dukani kikafungwa kikaisha. Alikuwa anaagiza kitengenezwe, kisha anataka kichongwe maneno na tarehe, mara nyingi kwa mwandiko wake mwenyewe.

Duka lao kubwa lilikuwa Cartier, nyumba ya masonara iliyoanzishwa Paris mwaka 1847. Walinunua na kwingine pia, lakini Cartier ndiyo iliyotengeneza bangili mbili ambazo mpaka leo watu wa vito wakizitaja wanashusha sauti.

Ya kwanza ni ile ya misalaba. Ni mnyororo mwembamba wa almasi ambao umening'inizwa misalaba midogo tisa, yenye mawe ya rangi mbalimbali. Kila msalaba ni tukio, na nyuma yake kuna maandishi. Upo wa Julai 1936, pale mtu mmoja alipomwelekezea mfalme bastola barabarani London na mfalme akasalimika. Upo wa siku ya ndoa yao. Upo hata wa mwaka 1944 Wallis alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo! Yaani ukiishika bangili hiyo, umeshika shajara ya miaka kumi ya watu wawili, kuanzia 1934 hadi 1944.

Turudi kwenye mkasa wenyewe. Januari 1936 George wa Tano akafariki, Edward akawa mfalme. Wallis bado ni mke wa mtu. Oktoba 1936 mahakama ya Ipswich ikampa hatua ya kwanza ya talaka, na Edward akamvika pete ya zumaridi kutoka Cartier. Hapo nchi ikawaka moto. Mfalme wa Uingereza ndiye pia mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kanisa hilo wakati ule halikukubali mtu aoe aliyeachika huku mume wa zamani bado yu hai. Huyu alikuwa na wawili, wote wazima. Waziri Mkuu Stanley Baldwin na serikali yake wakakataa katakata. Edward akapewa kuchagua, mwanamke au kiti.

Akachagua mwanamke. Desemba 1936 akatia saini na kuachia ufalme, baada ya siku 326 tu, na mdogo wake akawa mfalme George wa Sita. Juni 3, 1937 wakafunga ndoa kwenye jumba la Candé, Ufaransa. Hakuna hata ndugu mmoja wa ukoo wa kifalme aliyetia mguu. Mkononi bibi harusi alivaa ile bangili ya misalaba.

Edward akabaki na cheo cha Duke wa Windsor, naye Wallis akawa Duchess, lakini heshima kamili ya kuitwa kama watu wa ukoo wa kifalme akanyimwa mpaka anaingia kaburini. Mume alipigania jambo hilo maisha yake yote, akashindwa. Wengi wanaona ndiyo maana alimjaza vito namna ile. Kwa upande wangu naafiki. Alichoshindwa kumpa kwa sheria, alijaribu kumpa kwa almasi.

Sitaki muone nampamba huyu mama. Oktoba 1937 wawili hao walikwenda Ujerumani wakakutana na Hitler, wakapigwa picha wakitabasamu. Doa hilo halijawahi kufutika, na halistahili kufutwa. Vita ilipopamba moto, serikali ya Uingereza ikampeleka Edward mbali, kuwa gavana wa Bahamas kuanzia 1940 hadi 1945. Baada ya hapo waliishi zaidi Ufaransa, bila watoto, bila kazi ya maana, wakizunguka kwenye dhifa.

Oktoba 1946 walikuwa wageni kwenye nyumba ya rafiki yao Uingereza, wezi wakaingia wakabeba kisanduku cha vito vyake. Vingi havikuonekana tena. Miaka iliyofuata wakaanza kuagiza upya, na hapo ndipo anapoingia chui.

Pale Cartier Paris, tangu 1933 msimamizi wa vito vya hali ya juu alikuwa mwanamke, Jeanne Toussaint. Mwenyewe alikuwa amepewa jina la utani la Chui. Mwaka 1948 na 1949 wakatengeneza bruchi za chui kwa ajili ya Wallis, ya pili ikiwa imekaa juu ya yakuti samawi kubwa ya zaidi ya karati 152. Mwaka 1952 ikaja bangili. Chui mzima wa almasi, madoa ya jiwe jeusi la oniksi, macho ya zumaridi. Mwili umeungwa vipande vipande kwa viungo vidogo, kwa hiyo ukiivaa haikai ngumu kama pingu, inajilaza yenyewe kuzunguka mkono kama mnyama aliyesinzia tawini. Usipime!

Edward alifariki Paris Mei 1972. Wallis akabaki peke yake kwenye lile jumba pembeni ya msitu wa Boulogne. Miaka ya mwisho alikuwa wa kitandani, haoni wageni, mambo yake yote mikononi mwa wakili. Almasi zote zile na hakuna mkono wa kuzivaa. Alifariki tarehe 24 Aprili 1986 akiwa na miaka 89, akazikwa Frogmore, Windsor, kando ya mumewe. Akiwa maiti ndipo wakwe wakamkaribisha nyumbani.

Watu wakasubiri kujua nani kaachiwa vito. Wosia ukashangaza wengi. Sehemu kubwa ya mali ilikwenda Taasisi ya Pasteur ya Paris, kwa ajili ya utafiti wa tiba. Ni taasisi ileile ambayo mwaka 1983 wanasayansi wake walikitambua kirusi cha UKIMWI. Nikafika hapo nikaacha kusoma kidogo. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa UKIMWI ni nini, kila ukoo una kaburi lake.

Aprili 1987 Sotheby's wakapiga mnada Geneva, Uswisi, kwenye hema kando ya ziwa. Vitu kama 300 hivi. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 hivi. Siku mbili tu, zikapatikana zaidi ya dola milioni 50! Mwigizaji Elizabeth Taylor alinunua bruchi kwa simu akiwa Marekani. Hata Cartier wenyewe walikuwepo, wakalinunua lile bruchi la chui la 1949 walilolitengeneza wao, likaingia kwenye hazina yao ya kumbukumbu. Fundi anarudi kununua mtumba wa kazi yake, tena kwa bei kubwa!

Novemba 2010 bangili ya chui ikarudi mnadani, safari hii London. Ikauzwa zaidi ya pauni milioni 4.5, kama dola milioni 7 za wakati huo. Hapo ilikuwa bangili ya bei kubwa kuliko zote zilizowahi kupita mnadani. Ile ya misalaba ikapita pauni 600,000. Ukikusanya almasi zile zile na kazi ileile, bila jina la Wallis, hupati hata robo ya msisimko ule.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi wakusanyaji wa bangili zilizovaliwa wanavyofikiri. Mzani kwao ni jambo la mwisho. Kwanza wanatafuta muhuri wa nyumba iliyotengeneza na namba iliyopigwa kwenye chuma. Wanaulizia kama kitu kimo kwenye vitabu vya kumbukumbu vya kiwanda. Wanataka risiti, kisanduku chake, picha ya mwenye nacho akiwa amekivaa. Na maandishi ya ndani, yale ambayo mtu anaweza kudhani yameharibu kitu, kumbe ndiyo ushahidi wenyewe. Mnyororo wa ushahidi ukikatika katikati, bei inaanguka na kurudi kwenye gramu.

Sasa wadau, bangili ya bibi isingefika mnadani Geneva, nalijua hilo. Bibi hakuachiwa ufalme na mtu. Lakini alikuwa na tarehe yake, na herufi zake, na mume aliyemlipa fundi azichonge. Ushahidi ulikuwepo kamili, aliyekosekana ni mnunuzi wa kuujali. Wakati ule nilimwona sonara mkatili. Leo simlaumu, yeye ananunua dhahabu, hanunui bibi yangu.

Na Wallis naye, ukiangalia vizuri, vyake viliuzwa kama vya mama. Kimoja kikaenda kwenye maabara, kingine kikaenda kwenye mtihani wangu wa Kidato cha Nne. Tofauti ni kwamba bangili zake bado zipo na ya bibi imeshayeyuka. Kinachoniuma si kuiuza, maana bila kuiuza nisingekuwa hapa naandika. Kinachoniuma ni kwamba sikupiga hata picha. Sikumuuliza mama ule mwaka ulikuwa upi hasa. Nilipomuuliza wiki iliyopita akafikiri muda mrefu, akataja miaka miwili tofauti.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama nyumbani kuna bangili, mkufu au hereni za zamani, na shida imebisha hodi, uzeni, shida haina aibu. Ila kabla ya kwenda kwa sonara, geuzeni mtazame kwa ndani. Muulizeni bibi au mama ilitoka wapi, nani alitoa, mwaka gani. Andikeni kwenye daftari, pigeni picha kwa simu. Hiyo haiyeyuki.

Haya, uwanja ni wenu. Nani kwao kuna bangili ya bibi bado ipo? Na hebu niambieni, Edward alifanya vizuri kuacha kiti, au alichemsha? Mwageni maoni hapo chini, matusi tu ndiyo marufuku. Nawasilisha.