Dziga Vertov

Dziga Vertov (jina la kuzaliwa: David Abelevich Kaufman, 2 Januari 1896 – 12 Februari 1954) alikuwa mwongozaji wa filamu, mhariri na mwananadharia wa sinema katika Umoja wa Kisovyeti. Anahesabiwa kati ya waasisi wa filamu ya hali halisi. Anatajwa pia kuwa mtangulizi wa filamu-insha, yaani filamu isiyosimulia hadithi wala kutoa habari tupu, bali inayofuata wazo la mtengenezaji wake kutoka picha moja hadi nyingine, kama mwandishi anavyofuata wazo lake katika insha. Yeye mwenyewe hakutumia jina hilo. Msanii Mjerumani Hans Richter ndiye aliyeandika makala mashuhuri juu ya filamu-insha mwaka 1940, wakati Vertov alikuwa tayari amesukumwa kando katika nchi yake.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi mjini Białystok, ambao wakati ule ulikuwa ndani ya Dola la Urusi na leo uko Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitabu. Wadogo zake wawili, Mikhail na Boris, nao walikuja kuwa wapiga picha wa sinema. Boris alihamia Ufaransa na baadaye Marekani, akapata tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu ya On the Waterfront.

David alisoma muziki kwanza. Mwaka 1915, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, familia ilikimbilia Moscow. Baadaye alikwenda Petrograd kusoma katika Taasisi ya Saikonurolojia. Huko alijaribu kunasa sauti za kawaida na kuzipanga upya kama mwanamuziki apangavyo noti, lakini vifaa vya wakati ule havikutosha. Ndipo alipojichagulia jina jipya. Dziga ni neno la Kiukraini lenye maana ya pia, kile kichezeo cha watoto, na Vertov linatokana na neno la Kirusi la kuzunguka. Waliomfahamu waliona kwamba jina lilimfaa.

Habari za sinema

Mwaka 1918, miezi michache baada ya Mapinduzi, aliajiriwa na kamati ya sinema ya Moscow kutengeneza habari za kila wiki. Kazi yake ilikuwa mezani zaidi kuliko kwenye kamera: kupokea vipande vya picha kutoka kila upande wa nchi iliyokuwa vitani na kuviunganisha. Hapo ndipo alipojifunza jambo lililomwongoza maisha yote, kwamba vipande viwili vilivyopigwa mahali tofauti na siku tofauti, vikiwekwa jirani, huzaa maana ambayo haimo katika kimoja wala kingine. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alisafiri pia na treni za uenezi zilizobeba sinema hadi kwa wanajeshi na wanakijiji.

Kuanzia 1922 hadi 1925 alitoa mfululizo wa Kino-Pravda, matoleo 23. Jina hilo lina maana ya ukweli wa sinema, ingawa Pravda lilikuwa pia jina la gazeti la chama. Toleo la kwanza lilionyesha watoto walioathiriwa na njaa. Aliyehariri pamoja naye alikuwa Elizaveta Svilova, mkewe, na mpiga picha mkuu wao alikuwa ndugu yake Mikhail. Kundi lao lilipinga waigizaji, hadithi za kubuni na mapambo ya studio. Waliamini kwamba kamera huona kuliko jicho la mtu na kwamba maisha yanafaa kunaswa kama yalivyo. Sergei Eisenstein, ambaye naye alikuwa mwongozaji, alibishana nao vikali.

Hapa msomaji asidanganyike. Picha zilikuwa za kweli, lakini mpangilio ulikuwa wa Vertov, na Vertov alikuwa mfuasi wa Mapinduzi. Katika Kino-Eye (1924) aliirudisha nyuma filamu ili nyama irudi kuwa ng'ombe na mkate urudi kuwa nafaka. Hakuna jicho lililowahi kuona jambo hilo, lakini mtazamaji anaelewa mara moja kazi iliyo nyuma ya mkate wake. Hiyo ni hoja iliyojengwa kwa picha.

Filamu ya A Sixth Part of the World (1926) iliagizwa na shirika la biashara ya nje la serikali, ambalo lilitaka tangazo la bidhaa. Vertov aliwatuma wapiga picha pembe zote za nchi, kisha akatumia maandishi ya kwenye skrini kuzungumza na watu wanaoonekana na watazamaji kwa "wewe" na "ninyi". Gharama zilipanda, na zaidi ya hayo alikataa kuwasilisha mswada wa filamu yake iliyofuata. Mwanzoni mwa 1927 alifukuzwa kazi.

Ukraini na Man with a Movie Camera

Shirika la filamu la Ukraini lilimpokea, na huko alimaliza kazi yake kubwa kuliko zote, Man with a Movie Camera, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Kyiv mwezi Januari 1929. Haina waigizaji, haina hadithi, na baada ya tangazo fupi la mwanzo haina maandishi ya kuielezea. Inaonyesha siku moja ya mji, lakini mji wenyewe umeungwa kwa Kyiv, Kharkiv, Odesa na Moscow. Watu wanaamka, wanafanya kazi, wanaoana, wanatalikiana, wanazaa na kuzika. Katikati yao anapita Mikhail na kamera begani.

Sehemu inayostahili kutazamwa zaidi ya mara moja ni ile ambapo farasi anayekimbia anasimama ghafla. Picha imeganda. Kisha tunaona utepe wa filamu wenye nyuso za watoto, tunamwona Svilova mezani akiupanga, na nyuso zile zinaanza kucheka. Ni kama mwandishi anayemwonyesha msomaji kalamu yake wakati anaandika. Wengi wakati ule waliona ni michezo ya kamera tu. Ndugu hao wawili waligombana na hawakufanya kazi pamoja tena.

Enthusiasm (1930), filamu yake ya kwanza yenye sauti, ilinasa kelele za migodi na viwanda vya Donbas palepale zilipotoka. Hatimaye yale majaribio ya Petrograd yalipata chombo chake. Charlie Chaplin aliisifu.

Miaka ya mwisho

Three Songs About Lenin (1934) ilipokelewa vizuri, lakini mwaka 1938 ilihaririwa upya ili kumpa Stalin nafasi kubwa zaidi. Lullaby (1937) ilimtukuza Stalin, na hata hivyo iliondolewa kwenye majumba ya sinema upesi. Serikali sasa ilitaka mswada ulioidhinishwa kabla ya kamera kuwashwa, na mtu ambaye wazo lake lilizaliwa mezani wakati wa kuunganisha hakuwa na la kuwasilisha. Mapendekezo yake mengi yalikataliwa. Wakati wa vita alihamishiwa Alma-Ata, Kazakhstan, na kuanzia 1944 alihariri habari za sinema za kawaida, kazi ileile aliyoanzia mwaka 1918, lakini bila uhuru wa wakati ule. Mwaka 1949 alishutumiwa hadharani katika kampeni dhidi ya waliodaiwa kutokuwa wazalendo, ambayo iliwalenga Wayahudi hasa. Alifariki Moscow kwa saratani.

Baada ya kifo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jean Rouch, aliyekuwa amepiga filamu nyingi Niger, na Edgar Morin walitafsiri jina la Kino-Pravda kwa Kifaransa kuielezea filamu yao ya Chronicle of a Summer. Jean-Luc Godard na wenzake waliliita kundi lao kwa jina la Vertov mwaka 1968. Mwaka 2014 jarida la Uingereza la Sight and Sound liliwauliza wahakiki na watengenezaji filamu kuhusu filamu bora ya hali halisi, na Man with a Movie Camera ikashika nafasi ya kwanza.

Haya yasingewezekana bila Svilova. Aliishi miaka 21 baada ya mumewe, hadi 1975, akikusanya shajara, michoro na mipango ya filamu ambazo hazikutengenezwa. Sehemu kubwa iko katika hifadhi ya taifa ya fasihi na sanaa mjini Moscow, na sehemu nyingine iko katika Makumbusho ya Filamu ya Austria mjini Vienna.