Oscar Baumann: Alifika Ngorongoro 1892, akakuta ng'ombe wameisha na watu wanakufa njaa

Ukipanda kutoka Karatu hadi ukingo wa kreta leo, unakutana na magari ya watalii. Machi 1892, Oscar Baumann alipofika huko alikuta njaa.

Baumann alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1864, akawa mchora ramani. Mwaka 1885 alienda Kongo, akaugua, akarudi kwao. Mwaka 1888 yeye na mwenzake Hans Meyer walikamatwa na wapiganaji wa Abushiri, wakafungwa minyororo. Wakaachiwa baada ya fidia kulipwa.

Mapema 1892 akaondoka Tanga na msafara mkubwa. Akapita Ziwa Manyara, akapanda Ngorongoro.

Sotoka ilikuwa imeshapita na kuua karibu ng'ombe wote. Ugonjwa huu haumuui binadamu. Sasa kwa nini watu walikufa?

Kwa sababu kwa Mmaasai ng'ombe alikuwa maziwa, nyama, mahari na akiba. Mifugo ilipoisha, hakukuwa na cha kula wala cha kubadilishana na nafaka za wakulima. Baumann aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa, watu waliokula hata ngozi, na wazazi waliokuwa tayari kutoa watoto wao ili wapate nyama. Ndui nayo ikawakuta miili imeshachoka. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikufa.

Yeye alikuwa na bunduki na bidhaa za kununulia chakula njiani. Mahali palepale, mwezi uleule, mwenye mali alikula na aliyefilisika alikufa.

Baadaye Baumann alichora ramani za Unguja, Pemba na Mafia, akawa konsuli wa Austria-Hungaria Zanzibar. Alifariki Vienna mwaka 1899 akiwa na miaka 35 tu.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Lakini ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimepigwa marufuku, kwa hiyo mfugaji bado anauza mfugo ili anunue mahindi. Ukame ukikaza, ng'ombe hukonda na bei yake hushuka, huku gunia la mahindi likipanda. Mama anayetoka mnadani na nusu gunia badala ya gunia zima ndiye huyohuyo utakayemwona baadaye zahanati, mtoto mgongoni, akisubiri apimwe uzito.