H. P. Lovecraft

Howard Phillips Lovecraft (20 Agosti 1890 – 15 Machi 1937) alikuwa mwandishi wa hadithi za kutisha kutoka nchini Marekani. Alizaliwa na kufariki mjini Providence, jimbo la Rhode Island. Alipokuwa hai alifahamika kwa wasomaji wa magazeti machache ya bei nafuu tu. Baada ya kifo chake, viumbe na njama za siri alizobuni zilienea katika vitabu, filamu na hasa katika michezo ya mezani ya kuigiza, ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Maisha

Baba yake, Winfield Scott Lovecraft, alikuwa wakala wa mauzo. Mwaka 1893 alirukwa na akili akiwa safarini, akalazwa katika Hospitali ya Butler mjini Providence hadi alipofariki mwaka 1898. Mtoto alilelewa na mama yake, Sarah Susan Phillips, pamoja na babu yake mzaa mama, mfanyabiashara aliyekuwa na maktaba kubwa nyumbani. Babu alipofariki mwaka 1904 mali ikapotea, na familia ikalazimika kuhama nyumba yao. Howard alitamani kusoma elimu ya nyota chuoni, lakini maradhi ya mara kwa mara yalimfanya aache sekondari mwaka 1908 bila cheti. Mama naye alilazwa Butler mwaka 1919 akafa mwaka 1921. Anayejua hayo hashangai kwamba wahusika wengi wa Lovecraft huishia kuogopa akili zao wenyewe.

Mwaka 1924 alimwoa Sonia Greene, mwanamke Myahudi mzaliwa wa Ukraine aliyefanya biashara ya kofia, akahamia kwake Brooklyn, New York. Hakupata kazi. Mwaka 1926 alirudi Providence peke yake, na ndoa haikupona tena.

Alijikimu kwa kusahihisha miswada ya watu wengine, na mara nyingine kwa kuwaandikia hadithi zilizotoka kwa majina yao. Mmoja wao alikuwa mwanamazingaombwe Harry Houdini. Kitabu kimoja tu cha hadithi zake kilichapishwa akiwa hai, The Shadow over Innsmouth, mwaka 1936, kwa nakala chache zenye makosa mengi. Alifariki kwa saratani ya utumbo akiwa na umri wa miaka 46. Mwaka 1939 August Derleth na Donald Wandrei walianzisha kampuni ya Arkham House ili kuchapisha kazi zake. Bila wao huenda zingeoza pamoja na magazeti zilimotoka.

Hadithi zake

Hadithi yake mashuhuri, The Call of Cthulhu, aliiandika mwaka 1926. Gazeti la Weird Tales liliikataa kwanza, kisha likaichapa Februari 1928. Ndani yake mtu anapekua karatasi za marehemu babu yake mdogo, aliyekuwa profesa. Anakuta ndoto za mchongaji mmoja, taarifa ya polisi waliovamia kundi la ibada za siri katika vinamasi vya Louisiana, na habari za mabaharia katika Bahari ya Pasifiki. Kila kipande peke yake ni kioja tu. Vikiunganishwa, vinaonyesha kwamba binadamu si bwana wa dunia, na kwamba wanaolijua jambo hilo hawaachwi wakae salama.

Alibuni pia kitabu cha uchawi, Necronomicon, akakieleza kwa makini hivi kwamba baadhi ya wasomaji walikitafuta maktaba. Hakikuwapo. Aliwaruhusu rafiki zake, kama Clark Ashton Smith na Robert Bloch, watumie viumbe wake katika hadithi zao.

Katika michezo ya mezani

Katika michezo hii kila mchezaji huchukua nafasi ya mhusika, msimamizi mmoja husimulia yanayotokea, na dadu huamua mambo yenye shaka. Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ulihusu zaidi mashujaa wanaopigana na kuongeza nguvu. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitunga Call of Cthulhu kwa kampuni ya Chaosium, akageuza mambo. Wahusika ni watu wa kawaida, kama walimu, waandishi wa habari na madaktari, wanaochunguza njama. Kila mmoja ana alama za utimamu wa akili, nazo hupungua anapoona yasiyoelezeka. Tena, kadiri anavyojifunza siri hizo, ndivyo kiwango cha juu cha utimamu wake kinavyoshuka. Maarifa yenyewe ndiyo hatari, kama katika hadithi za Lovecraft.

Kisa kirefu cha mchezo huo, Masks of Nyarlathotep cha mwaka 1984, kinawapeleka wachezaji New York, London, Cairo, Shanghai na hata Kenya ya miaka ya 1920. Ni Kenya ya njozi za watu wa mbali. Msomaji wa Nairobi hataitambua kirahisi. Baadaye Delta Green ilihamishia njama hizo ndani ya idara za serikali ya Marekani. Over the Edge wa Jonathan Tweet (1992), wenye mambo ya ajabu kama ya ndotoni, ulichota zaidi kwa William S. Burroughs.

Ubaguzi wa rangi

Lovecraft aliwadharau waziwazi watu weusi, Wayahudi na wahamiaji, katika barua, mashairi na hadithi. Haitoshi kusema kwamba ndivyo zama zake zilivyokuwa, kwani hofu ya wageni na ya damu kuchanganyika ndiyo inayoendesha baadhi ya hadithi zake. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Tuzo ya World Fantasy, ambayo sanamu yake ilikuwa kichwa cha Lovecraft, akaandika jinsi jambo hilo lilivyomsumbua. Mwaka 2015 waandaaji walitangaza kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Kwa upande wa michezo, Chris Spivey alitoa Harlem Unbound mwaka 2017, ambamo wachunguzi wa njama ni watu weusi wa Harlem ya miaka ya 1920.