Mtawala wa Uhabeshi Aliyelala Nyeri

Katika viunga vya mji wa Nyeri, si mbali na hapa Giakanja ninakoandikia makala haya, pana kanisa la Wataliano ambamo imehifadhiwa mifupa ya mamia ya askari wao waliokufa katika nchi hizi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Pamoja nao amelala Amedeo, Duke wa Aosta, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia. Babu yake aliwahi kuwa mfalme wa Hispania.

Msomaji atauliza, mjukuu wa mfalme alikuja kutafuta nini huku kwetu? Kumjibu ni lazima tutaje dola za kidemokrasia zilizomwona mwonevu akinyanyuka, zikamwachia mlango wazi, kisha zikalazimika kumfukuza kwa damu. Sehemu ya damu hiyo ilikuwa yetu.

Amedeo alizaliwa Turin mwaka 1898. Alisoma Uingereza utotoni, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta kijana mdogo, naye akaingia jeshini. Baadaye alikwenda Kongo ya Wabelgiji akafanya kazi ya kawaida katika kiwanda cha sabuni, jambo ambalo watoto wa wafalme hawalifanyi sana. Akapigana Libya, akawa rubani. Alikuwa mrefu kupita kiasi, na hata adui zake walimsifu kwa uungwana.

Lakini kilichomleta Afrika Mashariki kilianza kabla yake. Mnamo Oktoba 3, 1935, majeshi ya Mussolini yaliivamia Uhabeshi, nchi mwanachama wa Shirikisho la Mataifa. Uingereza na Ufaransa zilikuwa na nguvu za kumzuia. Askari wote wale na mizinga yao walipita katika Mfereji wa Suez, mbele ya macho ya Waingereza, wakilipa ushuru kama wafanyabiashara wa tende. Mfereji haukufungwa, ilisemwa kwamba mkataba wa 1888 uliutaka uwe wazi kwa wote. Vikwazo vikawekwa, lakini mafuta yakaachwa nje ya orodha, na Marekani, ambayo haikuwa mwanachama, iliendelea kuuza yake. Desemba mwaka huo huo, mawaziri Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa wakapanga kwa siri kumkatia Mussolini pande kubwa la Uhabeshi ili atulie. Siri ikafichuka, Hoare akajiuzulu. Wahabeshi walikuwa wakinyunyiziwa gesi ya sumu. Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mjini Geneva kudai haki, na mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Leo watu wakibishana jinsi nchi za kura na bunge zinavyopaswa kuikabili dola ya kidikteta inayopanda, hukimbilia kuhesabu ndege na manowari. Mimi huwarudisha kwenye mwaka 1935, wakati bei ilikuwa ni hasara ya biashara tu, nayo pia ikaonekana ghali.

Mzee mmoja wa hapa Giakanja, nilipomweleza haya, aliniuliza hiyo demokrasia ilikuwa ya nani, maana mwaka huo baba yake alikuwa akivaa kipande shingoni. Swali lake ni zito. Mwafrika wa Kenya hakupiga kura hadi 1957. Mwenye makoloni atamwambiaje mwenzake kwamba kupora nchi ya watu ni dhambi?

Amedeo akateuliwa makamu wa mfalme mwishoni mwa 1937, baada ya Graziani, ambaye chini yake maelfu ya watu waliuawa Addis Ababa Februari mwaka huo. Alikuwa mpole kuliko mtangulizi wake, hilo halina ubishi. Lakini upole wa mpangaji hauifanyi nyumba ya wizi kuwa halali. Mwaka 1938 Uingereza yenyewe ikautambua utawala huo.

Juni 1940 Italia ikaingia vitani, na Duke akawa na askari zaidi ya 250,000, wengi wao Waafrika. Aliiteka Moyale na Somalia ya Waingereza. Hata Malindi kwetu ilidondoshewa mabomu Oktoba mwaka huo. Ila safari hii njia ya Suez ilifungwa kwake. Petroli ikapungua, magurudumu ya magari yakaisha, vipuri havikuja. Kilichokataliwa mwaka 1935 ndicho kilichomkaba sasa. Januari 1941 majeshi yakamwendea kutoka Sudan na kutoka Kenya, wakiwamo askari wa King's African Rifles. Addis Ababa ikaanguka Aprili 6. Mwezi Mei, Duke akasalimu amri mlimani Amba Alagi, na washindi wakampa heshima za kijeshi.

Aliletwa Kenya akiwa mfungwa. Malaria na kifua kikuu vikammaliza Nairobi Machi 3, 1942, akiwa na miaka 43, akazikwa Nyeri. Kanisa lilijengwa 1952. Oktoba mwaka huo Waingereza walitangaza hali ya hatari, na miaka miwili baadaye watu wa Nyeri wakahamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha.