Shem Karenga wa Bukene

Treni ya Mwanza ikitoka Tabora hupita Bukene, wilaya ya Nzega, na wengi wetu huwa tunasinzia tu. Hapo ndipo alipozaliwa Shem Ibrahim Karenga. Alianza na Lake Tanganyika Jazz kule Kigoma, kisha miaka ya 1970 akawa na gitaa lake Tabora Jazz, wana Segere Matata. Tabora ya enzi zile haikuwa mchezo: Nyanyembe Jazz walikuwepo, Kiko Kids nao. Yeye akatunga “Dada Asha”. Ukipigwa harusini hata sisi wa chuo tunaucheza, ila uliza mtunzi ni nani: kimya! Hilo linaniudhi. Baadaye aliongoza Tabora Jazz Stars, Dar es Salaam. Yaani hata mjini jina la Tabora hakuliacha. Alifariki Desemba 2014.