Henri Pitot

Henri Pitot (Aramon, Ufaransa, 3 Mei 1695 - Aramon, 27 Desemba 1771) alikuwa mhandisi wa maji na mwanahisabati kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni mrija wa kupimia kasi ya maji yanayotiririka. Mrija huo, baada ya kuboreshwa, hutumika hadi leo kupima kasi ya ndege hewani.

Maisha

Pitot alizaliwa katika mji mdogo wa Aramon, kando ya mto Rhône, kusini mwa Ufaransa. Utotoni hakupenda masomo, akajiunga na jeshi kwa muda mfupi. Akiwa Grenoble alikuta kitabu cha jiometri katika duka la vitabu, na kuanzia hapo akavutwa na hisabati. Alirudi nyumbani akajisomea mwenyewe.

Mwaka 1718 alihamia Paris, ambako mwanasayansi Réaumur alimsaidia na baadaye akamfanya msaidizi katika maabara yake ya kemia. Mwaka 1724 alipokelewa katika Akademia ya Sayansi. Mwaka uliofuata alitoa kanuni ya jiometri yenye jina lake: ikiwa pande zote 4 za pembenne zinagusa duara lililo ndani yake, jumla ya pande 2 zinazokabiliana ni sawa na jumla ya zile 2 nyingine.

Kitabu chake cha mwaka 1731 kuhusu uendeshaji wa merikebu kilimletea sifa hadi Uingereza, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1740.

Mrija wa Pitot

Wakati huo wahandisi wengi waliamini kwamba maji ya mto huenda kasi zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Mwaka 1732 Pitot alipima mto Seine kwa mirija 2 ya kioo: mmoja ulionyooka, na mwingine uliopindwa chini ili mdomo wake uelekee maji yanakotoka. Maji yalipanda juu zaidi katika mrija uliopindwa, na tofauti ya kimo ilionyesha kasi. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde hupanda takriban sentimita 5. Kasi ikiwa mara 2, kimo huwa mara 4. Vipimo vyake vilionyesha kwamba imani ile ilikuwa na makosa. Katika karne ya 19 Henry Darcy aliboresha chombo hicho.

Kazi katika Languedoc

Kuanzia mwaka 1740 Pitot alifanya kazi katika jimbo la Languedoc, akasimamia pia mfereji wa Canal du Midi. Miaka ya 1743-1747 alijenga daraja la barabara lililoshikamana na Pont du Gard, ujenzi wa Waroma wa kale. Alisanifu pia mfereji wa kupeleka maji ya chemchemi ya Saint-Clément hadi mji wa Montpellier. Uzeeni alirudi Aramon, akafariki huko.

Matumizi katika ndege

Katika ndege, mrija wa Pitot hupokea hewa inayokuja kutoka mbele, na matundu mengine ubavuni hupima mgandamizo wa hewa tulivu. Tofauti ya migandamizo hiyo hutoa kasi. Matundu ya ubavuni huendesha pia kipimo cha kimo.

Kwa hiyo viungio vya mirija inayofika kwenye vipimo ni lazima vizibe kabisa, jambo linalowahusu sana watu wanaojiundia ndege ndogo. Njia ya mrija wa Pitot ikivuja, kasi huonekana ndogo kuliko ilivyo. Njia ya hewa tulivu ikivuja ndani ya ndege ndogo, kwa kawaida kimo na kasi huonekana kubwa kuliko hali halisi, kwa sababu mgandamizo ndani ya ndege hiyo huwa chini kidogo. Ndiyo maana njia hizo hupimwa kabla ya ndege kuruka.

Kuziba kwa mirija kumeleta maafa. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, wakafa watu 189. Mrija mmoja ulikuwa umezibwa, pengine na wadudu. Tarehe 1 Juni 2009 mirija ya ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro iliziba kwa barafu juu ya Atlantiki. Marubani walishindwa kuidhibiti ndege, wakafa watu 228.