Émile Javal

Louis Émile Javal (Paris, 5 Mei 1839 – Paris, 20 Januari 1907) alikuwa daktari wa macho, mtafiti na mwanasiasa wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kazi yake juu ya makengeza na juu ya mwendo wa macho wakati wa kusoma. Mwenyewe alikuwa kipofu katika miaka ya mwisho ya maisha yake.

Maisha ya awali

Javal alizaliwa katika familia tajiri ya Kiyahudi. Baba yake, Léopold Javal, alikuwa mwenye benki na mbunge. Émile alisomea kwanza uhandisi wa migodi, lakini baba yake na dada yake walikuwa na makengeza, na jambo hilo lilimvuta kwenye elimu ya macho. Mwaka 1868 alihitimu udaktari mjini Paris.

Kazi juu ya makengeza

Wakati huo madaktari walitegemea sana kukata msuli wa jicho ili kulinyoosha. Javal alifundisha kwamba jicho kuonekana limenyooka hakutoshi: ubongo nao lazima ujifunze kuunganisha picha za macho mawili ziwe moja. Aliwapa wagonjwa mazoezi ya muda mrefu kwa kutumia stereoskopu. Kwa sababu hiyo anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa tiba ya makengeza kwa mazoezi.

Maabara ya Sorbonne

Kuanzia mwaka 1878 aliongoza maabara ya macho huko Sorbonne. Mwaka 1881, pamoja na Hjalmar Schiøtz kutoka Norwei, alitoa oftalmometa, chombo cha kupima mpindo wa konea. Kwa chombo hicho iliwezekana kupima astigmatizimu kwa usahihi na kumpa mgonjwa miwani inayomfaa.

Alichunguza pia usomaji. Watu walidhani jicho huteleza juu ya mstari bila kusimama. Kumbe huenda kwa mirukoruko mifupi, na kati ya mruko na mruko hutulia kidogo. Maneno husomwa katika vituo hivyo. Katika maabara yake, mwenzake Lamare alihesabu mirukoruko hiyo kwa kusikiliza sauti yake kupitia mrija uliogusa kope. Karibu na wakati huohuo Ewald Hering, mwanafiziolojia Mjerumani, alifikia matokeo kama hayo. Javal alionyesha pia kwamba nusu ya juu ya herufi hutusaidia kusoma kuliko nusu ya chini. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha hilo kwa kufunika nusu moja ya mstari kwa karatasi, kisha nusu nyingine.

Upofu

Javal alipatwa na glakoma, ugonjwa wa presha ya macho. Ulianza kuharibu jicho moja, halafu la pili, na kufikia mwaka 1900 hakuona tena. Hakuacha kazi. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha ushauri kwa waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa watu wazima, kikieleza namna ya kuandika, kutembea na kujitegemea. Mwaka 1905 kilifuata kitabu chake juu ya kusoma na kuandika. Aliunga mkono pia lugha ya Kiesperanto, ambayo mwanzilishi wake, L. L. Zamenhof, alikuwa daktari wa macho kama yeye.

Urithi

Leo mwendo wa macho hupimwa kwa kamera na kompyuta. Njia hiyo hutumika pia kuchunguza ugonjwa wa macho unaoambatana na maradhi ya tezi dundumio iliyopo shingoni. Katika ugonjwa huo misuli ya jicho huvimba na kukakamaa, macho hushindwa kwenda pamoja, na mgonjwa huona kitu kimoja kama viwili. Vipimo vya mirukoruko huonyesha jinsi misuli hiyo inavyofanya kazi. Hivyo maswali mawili ya Javal, yaani jicho linatembeaje na macho mawili yanashirikianaje, bado yanafanyiwa kazi hospitalini.